Saa ya Vasco da Gama, na Dirham Zangu Elfu Tisa

Juzi kijana mmoja wa Malindi ameniandikia: "Kaka, kuna mtu hapa Dubai anauza saa ya enameli ya Vasco da Gama, toleo maalumu. Nimlipe arbuni?" Nilisoma ujumbe ule mara tatu, moyo ukinidunda. Maana mimi nilishatoa pesa kwa saa ya namna hiyo.

Wote tunaosoma hapa tuna saa moja ya ndoto, tusidanganyane. Yangu ilianza mwaka 2021, Vacheron Constantin, watengenezaji wa saa wa Uswisi, walipotoa saa tatu za kuwaenzi mabaharia wa Kireno: Dias, da Gama na Cabral. Kipenyo milimita 41, dhahabu ya waridi, na uso wenye ramani iliyotokana na Atlasi ya Miller, kitabu cha ramani cha Kireno cha mwaka 1519. Haina akrabu, namba ya saa yenyewe ndiyo inayotembea kwenye tao la dakika, upande wa chini. Mimi mtoto wa Pwani, niliyepigwa picha na shule nzima chini ya ile nguzo ya da Gama ya Malindi, niliiona nikasema hii ni yangu. (Kwamba bwana huyo mwaka 1498 alihitaji rubani kutoka kwetu ili afike India, hilo halikuchorwa popote.)

Sikuwa na pesa hizo, na bado sina. Basi nikatafuta ya kufanana nayo. Mtu wa nyumbani, tuliyekuwa tukila naye futari, akanionyesha saa yenye jahazi na bahari ya buluu, "enameli ya mkono, namba 7 kati ya 50." Dirham 9,000, akiba ya miezi kumi na minne. Nikampa.

Fundi mmoja wa saa wa Deira, mtaa wa hapa Dubai, aliweka lenzi jichoni, akanyamaza, kisha akaniita niangalie mwenyewe. Bahari yangu yote ilikuwa nukta nukta, kama picha ya gazeti. Ilikuwa imechapishwa na mashine.

Enameli ya kweli ni unga wa kioo unaopakwa juu ya metali, ukatiwa tanurini kwenye joto la zaidi ya nyuzi 800, ukatolewa, ukapakwa tena, ukarudishwa. Ni jamaa ya vile vikombe vyeupe vya bibi vyenye ukingo wa buluu, ila hapa fundi anachora kwa brashi ya nywele chache, na ufa mmoja kwenye moto wa mwisho unapoteza kazi yote. Ukiitazama kwa lenzi utaona kina, kama maji, na alama za brashi. Hutaona nukta. Kwa hiyo nunua lenzi. Lenzi kwanza, saa baadaye. Na ukiwa na saa mkononi, tumia lenzi.

Sasa mdogo wangu, hizo za da Gama zilitengenezwa saa kumi tu. Sisemi saa kumi ya alasiri, nasema saa zenyewe, kumi, dunia nzima. Huyo muuzaji wako aliipata wapi? Mwambie mwende naye dukani kwa Vacheron wenyewe, wakague namba ya kasha na karatasi zake mbele yako. Akikwambia ana haraka ya ndege, wangu naye alikuwa na ndege.

Tena tuache tabia ya kuaminiana kwa sababu ya lafudhi. Mtu akisema "mimi wa Kisauni" tunafungua pochi! Tunaona aibu kumwomba risiti mtu tuliyekula naye, halafu tunalia peke yetu chumbani. Omba risiti. Omba hata kwa shemeji yako. Mimi sikuomba, ushahidi wangu ukawa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, nao aliufuta.

Na wewe uliyeniuzia, najua unasoma hapa. Namba yangu ni ile ile.