Maswali ya Wasomaji: Nguva Awekwe Kundi Gani?

SWALI: Mhariri, salamu aleikum. Hapa Shela tumebishana barazani. Nguva wa hadithi, juu mwanamke chini samaki, mtaalamu wa viumbe angemweka kundi gani? Na farasi mwenye mbawa je? – Msomaji, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Anzeni na mkia, wala msihangaike na magamba. Tazameni umekaaje. Mkia wa samaki husimama wima na kupiga kulia na kushoto. Wa pomboo na nyangumi umelala bapa, hupiga juu na chini, kwa kuwa uti wa mgongo wa mamalia hukunjika hivyo. Mwangalieni paka akikimbia. Kiumbe mwenye nywele, matiti na mapafu ya kuimbia ni mamalia tayari. Mkia wake ukiwa umelala, usamaki wote umekwisha: ni mamalia aliyerudi baharini akapoteza miguu ya nyuma. Ukichorwa wima, aliyekosea ni mchoraji.

Nguva wa kweli, Dugong dugon, ndiye shahidi. Hufika mita 3 na kilo 400, hula majani ya bahari, hupanda juu kuvuta pumzi, na chuchu zake mbili ziko karibu na makwapa. Jamaa zake wa nchi kavu ni tembo. Oda yake, yaani kundi la koo zake, inaitwa Sirenia, jina lililotokana na wale wanawake waimbaji wa ngano za Wayunani, kwa hiyo hadithi imeingia kwenye sayansi kwa mlango wa jina tu.

Farasi mwenye mbawa ni mgumu zaidi. Wanyama wa nchi kavu wenye uti wa mgongo wametoka kwa mababu wa viungo vinne. Ndege na popo hawakuongezewa mbawa. Mikono ndiyo iliyogeuka. Miguu minne na mbawa mbili ni viungo sita, basi huyo angehitaji ukoo wake peke yake, na ufarasi wake ungekuwa sura tu.

Msimwite chotara pia. Chotara hutaka wazazi wa karibu. Punda ana kromosomu, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli, 62, farasi 64. Mtoto wao, baghala, hupata 63 na kwa kawaida hazai. Sasa mtu na changu wataanzia wapi?

SWALI: Ni kweli twiga wa kwetu aliwahi kudhaniwa mnyama wa hadithi? – Msomaji, Malindi

JIBU: Kweli. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle wa China, akapokewa kama qilin, mnyama wa heri mwenye mwili wa paa na mkia wa ng'ombe. Wazungu nao hawakuwa mbali: mwaka 1758 Linnaeus, mtaalamu aliyepanga majina ya viumbe, alimpa jina la camelopardalis, ngamia-chui. Yote mawili yanaeleza sura, si nasaba. Katika familia yake, ndugu aliye hai ni okapi wa misitu ya Kongo, mwenye shingo fupi na milia miguuni.