Maswali na majibu: kompyuta mpakato inapochemka

Mwanangu, nina laptopu ya mtumba hapa dukani kwangu, steshenari. Ikifanya kazi nusu saa feni inaunguruma, halafu inazima yenyewe. Niitupe? (Mama wa Majengo, Moshi)

Shikamoo mama. Usiitupe, maana kujizima huko ndiko kunakoiokoa. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguza kasi, na joto likizidi mashine hujizima isiungue.

Kwa mtumba, mimi hushuku vumbi kwanza. Feni hupuliza hewa ya moto itokee ubavuni kwenye mapezi membamba ya chuma, na vumbi huganda hapohapo, upande wa ndani. Kupuliza kwa nje tu huwa hakulifikii. Fundi afungue mfuniko wa chini, achomoe betri, kisha azuie feni kwa kijiti cha meno wakati anapuliza. Ikizungushwa kwa nguvu ya blowa inaweza kuharibika. Pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa aifute kwa spiriti na kupaka mpya, kidogo tu. Fundi akitaka kupaka dawa ya meno badala ya pesti, beba mashine yako uondoke: hukauka upesi, joto likarudi palepale. Na ukae umwangalie akifanya, hata kama atanuna.

Nasomea kitandani na laptopu inawaka moto. Rafiki kanishauri niiweke kwenye friji. (Mwanafunzi, Njiro)

Hapana! Ukiitoa, unyevu wa hewa utageuka matone ndani yake. Blanketi ndilo linaloziba matundu ya chini. Iweke juu ya sinia, uinue upande wa nyuma kwa vizibo viwili vya soda.

Stendi yenye feni je?

Inasaidia kidogo. Safisha kwanza, hela utaitumia baadaye.

Nahamia Arusha kutoka Moshi. Kwenye baridi itapona?

Itapata nafuu. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Moshi haifiki 1,000, na chumba kikipoa nyuzi tano, mashine nayo hupoa karibu hizohizo. Ila vumbi la kiangazi la Arusha unalijua.

Feni inalia hata nikiandika barua tu. (Karani, Sakina)

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uone programu gani inaila CPU, yaani prosesa. Mara nyingi ni kivinjari chenye kurasa chungu nzima, au Windows inajisasisha. Hiyo iache imalize. Usiyoijua, uliza kabla ya kuifuta.

Pale ninapoburuza kidole kusogeza mshale pameinuka. Ni joto? (Kaka wa Pasua)

Kaka, inaelekea betri imevimba. Zima sasa hivi, usichaji, usiibonyeze irudi wala kuitoboa, maana inaweza kushika moto. Ipeleke kwa fundi leo, na usiiache kwenye gari juani.