Kioo cha dereva kinapanda kimepinda, Mazda MX-5

Mkuu wa Moshi, umesema kioo kinalala mbele kikipanda, nyuma kinaacha upenyo na mvua inaingia. Usikimbilie kununua mota. Kama inazunguka bila kukwama, ni nzima.

Gari la paa la kukunja halina fremu juu ya mlango, kioo kinashikwa na reli za ndani tu. Kwenye MX-5 ya kizazi cha kwanza, bushi za plastiki zinazoteleza kwenye reli hukauka na kupasuka. Fungua paneli ya mlango, bandua ile nailoni taratibu maana lazima irudi, ndiyo inazuia maji kuingia ndani. Shusha kioo nusu, kishike kwa mikono miwili, kitikise. Kikicheza, badilisha bushi kwanza. Ukirekebisha juu ya bushi mbovu, kitapinda tena.

Bushi zikiwa nzima, funga paa, pandisha kioo, kisha chomoa waya wa betri kabla ya kuingiza mkono (reguleta, ule mtambo unaopandisha kioo, inakata vidole, sitanii). Legeza boliti za reli kwa spana namba 10, usizitoe. Sogeza kioo kikae sawa kwenye mpira, kaza. Bana karatasi kati ya kioo na mpira, uivute: ugumu uwe uleule mbele, katikati na nyuma. Mwisho weka sawa stopa ya juu. Kioo kikizidi kupanda kitagonga mpira wa paa kila ukifunga mlango.

Mpira upake silikoni ya kulainisha, siyo ile ya kuzibia. Grisi inashika vumbi, nalo linakwaruza kioo.