Sandwichi ya jibini na mboga: majibu ya maswali yenu

Tangu nieleze sandwichi ya jibini yenye mboga ndani, maswali hayajakatika. Leo najibu manne.

*Asalaam aleikum dada. Natia tungule, kitunguu na pilipili hoho, lakini mkate unalowa chapachapa kabla haujaiva. Nakosea wapi? (Msomaji, Shella, Malindi)*

Waaleikum salaam. Kosa ni kuzitia mbichi. Tungule, yaani nyanya, ni maji kwa zaidi ya asilimia 90 ya uzani wake, na yakipata moto yote huishia kwenye mkate. Mboga ziive kwanza. Mimi hukata kitunguu na hoho vyembamba, nikatia kikaangoni na kijiko kimoja cha mafuta na chumvi kidogo, bila kufunika. Mwanzo utasikia kikaango kikichemka kwa kishindo, subiri. Kishindo kikitulia, na ukipitisha mwiko chini pakabaki njia kavu, ziko tayari. Hapo natia thomu, yaani kitunguu saumu, na pilipili manga. Tungule natoa mbegu na majimaji yake kwa kidole, inaingia mwisho. Mchicha uchemshe dakika moja, kisha ukamue mkononi mpaka usitoe tone. Fungu zima litabaki donge la ngumi, usishtuke.

Ziache zipoe kabisa, maana mboga za moto hutoa mvuke, na mvuke ni maji yale yale. Tandaza jibini chini na juu, mboga katikati. Ikiyeyuka huzishika zisimwagike.

*Sina mashine ya kubania mkate. Nina jiko la makaa na tawa la chapati. Itawezekana? (Maweni)*

Itawezekana, tena vizuri. Makaa yasambaze, yaanze kushika jivu. Siagi ipake upande wa nje wa mkate, usiimwage tawani. Funika dakika mbili ili joto lifike juu, geuza, halafu usifunike tena, ukavu urudi. Na jibini ikune; kipande kinene huchelewa kuyeyuka, mkate ukaungua bure.

*Jibini ya duka ni ghali. Nilikata maziwa kwa ndimu nikapata yangu, lakini haikuyeyuka. Niliharibu? (Barani)*

Hukuharibu kitu, mama. Maziwa yakikatwa kwa moto na ndimu hutoa jibini isiyoyeyuka hata uichome. Ndiyo ile panir ya Wahindi, ambayo huingia kwenye mchuzi ikabaki vipande. Jibini za duka kama cheda na mozarela hugandishwa kwa kimeng'enya, yaani kigandishi cha maziwa kisicho ndimu, ndiyo maana huvutika. Yako ivuruge pamoja na mboga, dania na chumvi, kisha ukune cheda kidogo tu juu yake, ya kushikanishia. Pesa utakuwa umeokoa, na ladha ni nzuri kweli.

Wenye uwezo wa mozarela, Malindi tuna bahati, Waitaliano wamekaa nasi miaka mingi na madukani haikosekani. Ile inayouzwa ndani ya maji ichanechane, uilaze kwenye kitambaa nusu saa kwanza.

*Naweza kuzifunga usiku, watoto wabebe shuleni asubuhi? (Muyeye)*

Mboga pika usiku, zilale frijini. Mkate funga na uchome asubuhi. Ikitoka tawani usiitie mkebeni papo hapo. Isimamishe kwa ubavu juu ya sahani mpaka ipoe, la sivyo itajitolea jasho mkebeni na mtoto atafungua mkate uliolowa.