Matangi mawili kwenye gari la injekta: uliza kwanza ritani inarudi wapi

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Ameongeza tangi la pili kwenye gari lake la injekta, akafunga vali ya kuchagua tangi, na kila akihamia tangi jipya petroli inamwagika kwenye mfuniko wa lile la zamani. Fundi amembadilishia mfuniko, bado inamwagika. Sasa anauliza anunue mfuniko gani ulio imara zaidi.

Ndugu yangu, achana na mfuniko. Vali yako inachagua mafuta yanakotoka, haichagui yanakorudi kupitia ritani, yaani mpira wa kurudishia mafuta tangini.

Jambo hili nimeshachekwa kwa ajili yake. Nilipokuwa naongeza tangi langu, fundi mmoja aliyezeeka na magari ya kabureta alishikilia kwamba vali ya njia tatu inatosha: mbili kutoka kwenye matangi, moja kwenda kwenye pampu. Kwa kabureta ni kweli. Presha yake ni ndogo, psi 4 hadi 7, na bakuli lake la mafuta likijaa sindano inafunga njia, mafuta yanasubiri. Injekta haisubiri. Pampu inasukuma muda wote kwa psi 40 na zaidi, nyingi zikitoa lita 100 au zaidi kwa saa, wakati injini inayounguruma gari likiwa limesimama hunywa lita moja au mbili tu. Yanayobaki regulata, yaani kidhibiti cha presha, inayarudisha kupitia ritani. Ukivuta tangi la pili na ritani ikarudi la kwanza, unahamisha petroli kwa kasi kubwa mpaka imwagike.

Nilimwambia nataka vali ya njia sita, inayogeuza mvuto na ritani kwa pamoja. Akasema mbele ya vijana wake kwamba mimi nimesoma sana na spana nimeshika kidogo. Yaliniuma, na bado yananiuma. Nikafunga mwenyewe. Gari hilo naliendesha mpaka leo, natoka matangi yote yamejaa, navuka nyika ndefu bila kuwaza kituo cha mafuta, na halijawahi kunimwagia hata tone.

Kwa hiyo ritani kwanza. Halafu pampu. Pampu ya presha kubwa inajua kusukuma, haijui kuvuta, basi ikae karibu na matangi na chini yake, na mipira ya kuvutia iwe mipana. Vali ikae kabla ya pampu, upande usio na presha. Injini ikikohoa unapobadilisha tangi, hiyo ni hewa. Kitangi kidogo cha lita moja au mbili kabla ya pampu kinaimaliza, mradi ritani irudi ndani yake na ziada yake iende tangi linalotumika. Unaona? Bado ni ritani.

Ila kama pampu yako iko ndani ya tangi, na magari mengi ya sasa ndivyo yalivyo, usiguse presha kubwa hata kidogo. Weka pampu ndogo ya kuhamisha mafuta kutoka tangi la pili hadi la kwanza, mpira wake uingilie tangi la kwanza juu ya usawa wa mafuta yasije yakajivuta kurudi. Tangi la pili lipate tundu la kupumulia. Usiwashe pampu hiyo ukaisahau.

Na mipira! Upande wa presha tumia ulioandikwa SAE J30R9, si wa kabureta. Petroli ikinyunyiza juu ya ekzosti yenye moto hutapata muda wa kujuta. Wanaokwambia mpira ni mpira, wakwepe.

Wewe uliyeniandikia, acha mafuta kidogo kwenye tangi la zamani, weka nusu kwenye jipya, kisha washa injini ukivuta jipya, gari limesimama mahali pa wazi. Mshale wa la zamani ukipanda, ritani ndiyo shida. Mpaka ubadilishe vali, tumia kwanza la zamani hadi lishuke vya kutosha kupokea yanayorudi, ndipo uhamie jipya.