Mzee wa kanisa asiyejua kuhubiri

Hongera ndugu yangu kwa kuchaguliwa mzee wa kanisa. Umeuliza waumini wataionaje imani yako ilhali ukishika kipaza sauti unatetemeka. Mahubiri waachie wenye karama hiyo. Wewe watakupima kwingine, na kwa kawaida huanzia kwenye pesa.

Sadaka usihesabu peke yako, hata kama unajiamini kama malaika. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya Yerusalemu, makanisa yalimchagua ndugu wa kusafiri naye, ili mtu asije akawalaumu (2 Wakorintho 8:19-21). Kama mtume alikubali kuangaliwa, sisi ni nani? Hesabuni wawili au watatu, andikeni kiasi palepale, kila mmoja atie sahihi, kisha taarifa isomwe mbele ya watu. Atakayenuna kwa utaratibu huo, mwangalie kwa jicho la pili.

Halafu kuna anayekufanyia kazi nyumbani. Umemlipa? Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na 1 Timotheo 3:7 inataka kiongozi ashuhudiwe mema na watu wa nje. Hao wa nje ni pamoja na wanaokudai.

Ukimdhulumu mtu, usiishie kumwomba radhi. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, aliahidi kurudisha mara nne. Na ukipeleka msaada kwa mjane, simu ya kupigia picha iache mfukoni.