Video za kunong'ona zinanilaza, je namkosea Mungu?

SWALI: Shikamoo mama. Mi ni binti wa miaka 27, nimeokoka na naimba kwaya. Ni mwezi wa saba sasa tangu mama yangu afariki na usingizi umenikimbia kabisa. Usiku nikawa nazunguka tu kwenye simu nikakutana na hizi video za ASMR, mtu anaongea kwa kunong'ona, anapitisha brashi kwenye maiki, anagonga gonga kucha kwenye kiboksi, yani kichwa kinaanza kusisimka kuanzia kisogoni kinashuka mpaka mgongoni alafu nalala kama mtoto. Nikamshirikisha dada mmoja ninayeomba naye, akashtuka sana, akasema hayo ni mapepo na akanifungulia Isaya 8:19 pale penye watu wa pepo wanaonong'ona, tena akasema raha ya mwili inayoletwa na mtu usiyemjua akikunong'oneza ni uzinzi. Sasa nikiziacha silali, nikizisikiliza nahukumika. Na niseme ukweli, siku hizi napitiwa na usingizi earfoni zikiwa masikioni kabla hata sijaomba. Naomba unisaidie mama, jina langu usilitaje.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kumpoteza mama. Nakwambia mapema ili yaliyobaki uyasome umetulia: kusikiliza sauti ya brashi ili upate usingizi sio dhambi. Ila kuna mambo mawili matatu kwenye barua yako yamenigusa kuliko hizo video zenyewe, ntayafikia.

Tuanze na Isaya maana ndo iliyokutisha. Soma mstari wote usiishie nusu. Watu walikuwa wanashawishiwa waende kwa wenye pepo na wachawi, na nabii anauliza kwa uchungu kabisa, je watu hawapaswi kumuuliza Mungu wao, kwanini waende kwa wafu kwa ajili ya walio hai? Kosa lililotajwa pale ni kumwacha Mungu na kwenda kwa wafu, kunong'ona kumetajwa tu kwasababu ndivyo hao wachawi walivyokuwa wanafanya. Kama kunong'ona kwenyewe ndo uchawi basi hata Hana tungemhukumu, maana 1 Samweli 1:13 inasema midomo yake ilikuwa inacheza tu na sauti haisikiki, na kuhani Eli akamwona mlevi. Eli alikuwa mtumishi wa Mungu na nia yake ilikuwa nzuri lakini pale alikosea, na mimi naona dada yako naye amekosea hivyo hivyo, kwahiyo usimchukie. Na Eliya alipochoka mpaka akaomba afe, Mungu kwanza alimwacha alale akamlisha akalala tena, alafu baadae upepo ukapita na tetemeko na moto, Bwana hakuwemo humo, ndo ikaja sauti ndogo ya utulivu.

Lakini huo mstari usiutupe kabisa, we hasa ambaye umefiwa. Zipo video za ASMR zilizochanganywa na mambo mengine, wapo wanaokupigia ramli ya kadi kwa kunong'ona, wapo wanaofanya reiki wanakwambia wanakutoa nishati mbaya mwilini, na wapo wanaosema wanaleta ujumbe kutoka kwa wapendwa waliotangulia. Hapo Isaya anaongea na wewe moja kwa moja. Mtu mwenye msiba saa nane usiku anaweza kubofya kitu ambacho mchana asingekigusa, kwahiyo ukiona kitu kama hicho zima.

Kuhusu uzinzi. Jina ASMR lilitungwa mwaka 2010 na mwanamke wa Marekani anaitwa Jennifer Allen, alitafuta neno lenye heshima kwasababu watu walikuwa wanaona aibu kuielezea hali hii, wanaogopa kueleweka vibaya, ndo hicho hicho kilichokupata wewe. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea kule Uingereza waliwauliza watu 475 wanaoisikia hali hii, asilimia 82 wakasema inawasaidia kulala, waliosema wanaitafuta kwa ajili ya tamaa za mwili walikuwa asilimia 5 tu. Na mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, huko huko Uingereza, wakawapima watu mapigo ya moyo wakati wanaangalia, wale wanaosisimka mapigo yao yalishuka kwa kama matatu hivi kwa dakika. Moyo unapoa, mwili unajiandaa kupumzika. Nadhani shida kidogo ni neno letu lenyewe, ukisema msisimko wa mwili watu akili inaenda sehemu moja tu, wakati kwaya ikiimba vizuri malaika za mikono zinasimama na hakuna anayesema umezini. (Mimi kabla ya kukujibu nilisikiliza karibu nusu saa, sikusikia chochote kichwani, na mtu alipoanza kutafuna kwenye maiki nikashindwa kabisa, kwahiyo sio kila mtu anapewa hiyo hali na wengine inawakera kweli.)

Hizo asilimia 5 nazo zipo lakini. Mwaka huo huo wa 2018 serikali ya China iliagiza mitandao ya kule iondoe video za ASMR zenye mambo ya ngono, maana zipo nyingi zinazojificha nyuma ya hili jina. We mwenyewe unajua ni nini kinatokea ndani yako, ukiona video imekupeleka kwenye tamaa Mathayo 5:28 haihitaji mkalimani. Tena angalia na kitu kimoja, video ikiisha simu inaweka ingine yenyewe wakati we umeshalala, na hujui inaweka nini. Shusha sauti moja unayoijua, iwe ya mvua au brashi tu, weka iwe inazima baada ya dakika 30, na earfoni toa, weka simu pembeni kwa sauti ya chini.

Sasa kilichonigusa. Umesema ukiziacha hulali, na maombi yamekufa. Paulo kwenye 1 Wakorintho 6:12 anasema vitu vyote ni halali kwake lakini hatatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote. Sisemi tayari umetiwa, nasema angalia. Sauli alipigiwa kinubi na Daudi akawa anaburudika kweli kabisa, Biblia inasema akawa hajambo, lakini mbele kidogo mtu yule yule anamrushia mkuki mpiga kinubi. Sauti ilimpumzisha ila jambo lake na Mungu lilikuwa bado liko pale pale. Na wewe jambo lako ni mama. Naomba uombe kabla hujagusa simu, hata kama ni sentensi moja, hata kama ni kulia tu, Zaburi 4:8 ni fupi unaweza kuisema ukiwa umelala tayari. Na miezi 7 bila usingizi mzuri ni mingi, nenda na kwa daktari, hiyo sio kukosa imani.

Alafu kuna hili nimelifikiria sana. Brashi, kucha zinagonga taratibu, mtu anakuongelesha karibu na sikio kwa upole kama vile hana haraka yoyote na wewe. Wengi wanaopenda ASMR wanasema hali hiyo waliisikia kwanza utotoni wakichanwa nywele. Sijui mama yako alikuwa anakuchana vipi lakini nahisi mwili wako unamtafuta, na wala hilo sio pepo mwanangu, ni msiba. Yule wa kwenye video anakujali kwa dakika 40 bila hata kujua kama upo, inapumzisha sawa, ila hawezi kukuuliza kesho umeamkaje. Kwahiyo rudi kwa yule yule dada, mwambie Isaya mmeshaelewana, alafu mwombe aje jumamosi akuchane nywele, na wakati anakuchana umwelezee habari za mama.